Polisi wa Kiti cha Nyuma

Huku Bunia gari halipiti pikipiki. Pikipiki ndizo zinazopita magari, kwa kushoto, kwa kulia, na siku za soko hata kwa kukata katikati ya watu wanaoongea, zikiwa zimebeba familia nzima, au jeneza, au mbuzi aliyekaa kwa adabu kuliko abiria. Gari langu limezoea hali hiyo. Limeshapitwa na baiskeli za makaa, limeshapitwa na kwaya iliyokuwa ikienda kanisani kwa miguu, na mara moja, kwenye mteremko, nilipitwa na gurudumu langu mwenyewe. Kwa hiyo siku polisi aliponisimamisha na kunishitaki kwa mwendo wa kasi, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa aibu. Kilikuwa kitu kinachofanana sana na fahari.

Mimi ni mwalimu katika taasisi moja ya hapa mjini. Cheo changu ni chef de travaux, ngazi iliyo kati ya msaidizi na profesa, ambayo mtu anaweza kukaa juu yake mpaka nywele zimwishe. Mtaani wananiita Prof, nami siwasahihishi. Somo langu ni elimu ya uraia. Kila mwaka, mbele ya vijana waliobanana kwenye madawati, naeleza haki na wajibu, na kila mwaka natumia mfano uleule wa gari: raia mwema hulipa vinyeti, yaani kodi ya gari ya mwaka, hukata bima, hupeleka gari lake likaguliwe. Nasema haya kwa sauti nzuri. Kisha natoka nje na kuingia katika gari ambalo karatasi zake zote zimekwisha muda, zimebandikwa kwenye kioo kama picha za marehemu.

Hazikuisha kwa siku moja. Ofisi ya bima ilitaka kuona karatasi ya ukaguzi. Ya ukaguzi ilitaka kuona vinyeti. Ya vinyeti ilikuwa imehama, na walinzi waliobaki kwenye jengo la zamani hawakukubaliana wao kwa wao ilikohamia. Nikasema nitarudi wiki ijayo, na wiki ijayo ina tabia ya kubaki mbele siku zote. Baadaye nikajifunza kuishi kama watu wengi wa mji huu: nikaegesha gari kioo kikiangalia ukuta, nikajua njia za nyuma ya soko, nikajua saa ambazo polisi wa barabarani, hao tunaowaita roulage, wanakwenda kula. Ratiba yao niliijua kuliko ratiba ya mitihani yangu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mahari ya binti wa kaka yangu. Kaka yangu alifariki mtoto huyo akiwa bado anatambaa, mama yake akaolewa mbali, na mama yangu akamchukua mtoto akamlea mwenyewe. Walilala kitanda kimoja mpaka mtoto alipoingia sekondari. Alipokua, mambo yakageuka: yeye ndiye aliyemkata mama kucha, aliyemsomea ujumbe wa simu, aliyejua ni kitenge gani kinachotoka rangi na kipi hakitoki. Sasa kijana wa Aru, mji ulio mbali kaskazini, alikuwa amemwona, na ukoo wake, watu wenye malori yanayovusha bidhaa mpakani, walikuwa wamekuja na mbuzi.

Sisi ni watu wa upande wa Butembo, tuliohamia Bunia na biashara zetu, na katika familia yetu kuna jambo moja ambalo halijadiliwi. Aliyemlea binti lazima awe ameketi ndani ya kiwanja kabla mbuzi hawajaingia. Asipokuwepo, mbuzi wanabaki nje ya lango na wageni wanabaki nao, na hakuna neno linaloanza. Na wageni hawa hawakuweza kungoja. Walitaka kuwa wamevuka vizuizi vya njia ya Aru kabla havijafungwa jioni. Siku hizi hakuna mtu anayelala njiani kwa kupenda. Kama wangelazimika kuondoka mapema, wangeondoka na mbuzi wao, na binti ambaye mbuzi wamegeuzwa mlangoni kwake husemwa miaka mingi, hata kama kosa lilikuwa la koko wake, yaani bibi yake, aliyechelewa.

Na koko wake alikuwa anachelewa. Sherehe ilikuwa kwa shangazi yangu, kule Bigo, kwa sababu kiwanja chake ni kipana. Mke wangu na wanawake wengine walikuwa huko tangu alfajiri, na binti mwenyewe alikwisha kwenda kutayarishwa. Tulibaki mama na mimi, upande wa pili wa mji. Mama alivaa kitenge, akakivua, akavaa kingine. Akakumbuka kuku hawana maji. Akatafuta kilemba ambacho kilikuwa kichwani mwake. Tulipokuwa tayari kabisa akasema hatuwezi kutoka bila kuomba, akaomba, na katika maombi yale aliwakumbuka wagonjwa wote wa mtaa, kisha wafungwa, kisha viongozi wa nchi, na naamini alifika mpaka kwa viongozi wa nchi jirani. Kiti chake cha kukalia, ambacho hakubali kukalia kingine kwa sababu ya goti, kilifungwa juu ya gari. Beseni la mandazi likawekwa nyuma. Nikaondoka kama mtu aliyefukuzwa.

Baada ya mzunguko wa barabara, lami ilikuwa wazi. Mbele yangu palikuwa na pikipiki iliyobeba magodoro, ikiyumbishwa na upepo, dereva wake akipigana nayo kama mtu anayepigana na tanga. Sijui nini kilinipata. Nikakanyaga mafuta, gari likanguruma, likatetemeka, likampita.

Filimbi ikalia.

Gari langu lilinunuliwa kupitia Uganda, kwa hiyo usukani wake uko kulia, kama magari mengi ya huku. Polisi wetu wamezoea. Lakini huyu alikuwa amehamishwa karibuni kutoka Kisangani, ambako dereva hukaa kushoto, na mazoea yake yalikuwa bado hayajafika. Alikuwa mtu wa umri wangu, tumbo lake kama langu, viatu vimepauka kwa vumbi. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la kushoto, akampigia mama saluti.

"Bonjour, mama. Permi ya kuendesha."

Mama akafungua mkoba, akatafuta bila haraka, akamkabidhi kadi yake ya kupiga kura. Polisi akainyoosha mbali na macho, kisha akaileta karibu, kisha akainyoosha tena.

"Mama, hii ni ya kuchagula."

"Njo ile niko nayo," mama akasema. "Iko nzuri. Haijaisha."

Hapo ndipo alipogundua kwamba mbele ya mama hapakuwa na usukani. Akainama, akatazama ndani, akaniona. Nilikuwa nimeinua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu.

Madereva wa pikipiki, wale tunaowaita motari, hawahitaji kuitwa. Waliegesha pande zote, wakazima injini, wakakaa juu ya matangi yao kama wazee wa baraza. Nilishuka na kuvaa sauti yangu ya darasani. Nikamwuliza kwa heshima mwendo wangu ameupima kwa chombo gani, kwa maana raia ana haki ya kujua. Polisi hakukasirika. Aligeuka akamwonyesha yule wa magodoro, aliyekuwa amewasili na kusimama nyuma ya wenzake.

"Ulipita uyu," akasema.

Shahidi akaulizwa. Alionekana ameumia kweli. "Alinipita," akasema. "Tangu nianze hii kazi, gari haijanipita mu hii mji."

"Muache," mwingine akamwambia. "Ni Prof. Labda anafundisha mbio sasa."

"Prof, siye tulijua ile gari unaisukumaka."

Kusema kweli nilikuwa natamani mke wangu awepo asikie.

Kisha polisi akaomba makaratasi ya gari, na kicheko changu cha ndani kikanyamaza. Alipoyapokea akaanza tena ile kazi ya kuyasogeza mbele na nyuma. Nilimwona anateseka. Kwa sababu ambazo hata sasa sizielewi vizuri, nilivua miwani yangu ya kusomea nikampa. Ilimfaa kabisa. Kuanzia hapo mimi sikuweza kusoma chochote, na ikabidi nisomewe makosa yangu. Alinisomea taratibu, kwa sauti ya chini, kama daktari anayempa mtu majibu ya vipimo. Bima, ilikuwa imekwisha. Ukaguzi, ulikuwa umekwisha. Vinyeti, akaigeuza, akaitazama kwa nyuma, akanitazama mimi kwa huruma.

"Hii yote imekufa?" mama akauliza kutoka ndani.

"Imekwisha muda, mama."

"Na njo ile unafundishaka batoto?"

Motari wakashika vichwa. Simu yangu ikaanza kulia. Alikuwa shangazi: wageni wamefika, mbuzi wako langoni, mama yuko wapi? Nikasema tuko karibu. Nikakata, nikampigia mtu niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ana kiti kizuri katika utawala wa jimbo. Alinisikiliza, kisha akanijibu kwamba mbele ya sheria raia wote ni sawa, na alilisema kwa pumziko lilelile ninaloliweka mimi darasani. Simu ikalia tena. Shangazi: baba wa kijana anaangalia jua.

Mtu pekee ambaye hakuwa na haraka alikuwa mama. Kwa kawaida mama huanza kungoja mwisho wa ibada kabla haijaanza. Siku ile alikuwa ametulia kama aliyefika. Alimwuliza polisi ametoka wapi, ana watoto wangapi, maji ya Bunia ameyaonaje, kama amekula. Alinituma nimtolee mandazi. Polisi alipoanza kuandika hati ya makosa juu ya boneti, mama akatoa kichwa dirishani.

"Andika pole pole, mutoto wangu," akamwambia. "Usikosee."

Hati ikaisha kuandikwa. Sasa ikabaki desturi, ambayo kila mwenye gari wa nchi hii anaijua: gari lisilo na makaratasi linakwenda ofisini kwao, na polisi anapanda, anakaa mbele karibu na dereva, ili dereva asikimbie. Alifungua mlango wa kushoto akangoja. Mama hakusogea.

"Mimi sitoke," akasema. "Goti."

Polisi alifikiri kidogo, akafunga mlango taratibu, akapanda nyuma. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja au beseni moja, kwa hiyo akalipakata beseni. Motari wakatupigia honi za harusi. Tukaondoka.

Mbele kidogo njia inagawanyika. Kushoto ni ofisi yao. Kulia ni njia ya vumbi inayokwenda Bigo. Nilisimamisha gari kwenye njia panda, nikageuka, nikamweleza mtu yule kila kitu: binti, lango, mbuzi, watu wa Aru, vizuizi vinavyofungwa. Nilimwambia abaki na leseni yangu, abaki na ufunguo baadaye, abaki hata na miwani. Alisikiliza, mikono juu ya beseni.

"Prof, mukubwa wangu aliniona nikisimamisha hii gari," akasema. "Nikirudi mikono mitupu, nitamwambia nini?"

Jibu langu lilikuwa mama. Mama amewahi kuvuka na kuku wake kwenye kizuizi kilichokuwa kimefungwa kwa kila mtu, kwa kuzungumza tu. Nikamtazama nikingoja aanze. Alikuwa anaangalia mbele, upande wa kushoto.

"Twende ku bureau," akasema. "Sheria ni sheria."

Nilidhani ananitania. Nikatazama uso wake, nikaona hapana. Na hapo vitu vyote vya asubuhi ile vikajipanga vyenyewe mbele yangu: vitenge, kuku, kilemba, viongozi wa nchi jirani. Mama hakuwa amechelewa. Alikuwa anasukuma saa kwa mikono yake mwenyewe, na polisi huyu, maskini, alikuwa amemjia kama jibu la maombi.

"Mama," nikasema, "hautaki aende?"

Alikunja mkanda wa mkoba wake, akaukunjua.

"Kijana ni muzuri," akasema. "Sina neno na kijana. Lakini Aru, mutu anaenda Aru, unamuona tena wakati gani? Nilimulea mukono huu na mukono huu. Leo wanataka nikae ku kiti, niangalie mbuzi."

Simu ililia juu ya dashibodi. Sote watatu tuliiangalia mpaka ikanyamaza.

Polisi ndiye aliyesema, kutoka nyuma, bila kumtazama mtu.

"Mahari ya mutoto wangu ilifanyika Kisangani mwaka huu. Mimi nilikuwa hapa, hawakunipa ruhusa. Walinisikilizisha ku telefone. Nilisikia mbuzi wanalia. Watu walikuwa wanacheka, sikujua wanacheka juu ya nini." Akalisawazisha beseni. "Mpaka leo ananiuliza, papa, nguo yangu uliionaje. Namwambia ilikuwa nzuri."

Injini ilikuwa inatetemeka chini yetu. Mama aligeuza shingo, kwa taabu, akamtazama mtu yule sawasawa kwa mara ya kwanza, jasho lake, kofia yake, beseni letu.

"Enda ku Bigo," akaniambia.

"Lakini na mimi ndani," polisi akasema haraka.

"Na weye ndani."

Tulifika kwa shangazi kama wingu. Wageni walikuwa wamesimama nje ya lango na mbuzi wao, wanaume wamevaa makoti, jua limewakalia, nyuso zimefunga. Nilishuka, nikafungua kamba za kiti. Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka askari aliyevaa sare kamili, kakumbatia mandazi.

Msemaji wa wageni, mzee mwembamba mwenye fimbo, alimtazama askari, akatutazama, akakohoa.

"Siye tulikuya na mbuzi," akasema. "Hatukukuya na vita."

Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wameanza kushika kamba vizuri. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimekwisha tunga kitu: kwamba ni ndugu yetu wa upande wa mama, yuko kazini, amepitia kusalimia. Ulikuwa uongo mzuri, wa mtu aliyesoma. Mama akaniwahi.

"Uyu ni wa roulage," akasema. "Alitukamata njiani juu ya mbio. Na gari haina makaratasi, yote imekufa. Alipashwa kutupeleka ku bureau. Akakubali tupite huku kwanza."

Ukoo mzima wa Aru ukanigeukia mimi, baba mdogo wa binti, mwalimu wa uraia. Baba wa kijana alikuwa mtu mnene aliyeishi maisha yake yote kati ya forodha na vizuizi. Alitoka kwenye kundi akaja polepole mpaka kwenye gari. Alilizunguka. Alisukuma tairi kwa mguu. Aliinama kwenye kioo akasoma tarehe moja moja, midomo ikicheza.

"Mbio," akamwuliza polisi. "Na hii?"

"Alipita moto, pikipiki ya magodoro, muzee."

Yule baba akaanza kucheka kimya kimya, mabega tu, kisha tumbo, kisha ikabidi ashike boneti. Kicheko kikarudi nyuma kikawapata wenzake, kikafika mpaka kwa wanawake wa jikoni waliokuwa wamekuja kuchungulia. Alipoweza kusema, alisema alikuwa amehofia kwamba anamwoza mwanawe kwa watu wa vitabu, watu wasiokamatwa, sasa amepumzika. Sijawahi kuwa na faida kubwa hivyo kwa familia yangu.

Mama aliingia, akawekewa kiti chake, akaketi. Mbuzi wakaingia. Polisi alitafuta pa kusimama, akaambiwa aliyekuja na mlezi anakaa upande wa mlezi, akawekwa kwenye benchi letu, kofia magotini. Maneno yalikwenda kama yanavyokwenda: wageni wakasema wameona ua, wetu wakauliza ua gani, wakabishana kwa furaha juu ya mbuzi mmoja aliyekuwa mdogo. Mwishoni binti akatolewa ndani, akaja akaketi kwenye mkeka, mgongo wake ukigusa miguu ya mama, pale alipozoea kukaa alipokuwa akisukwa.

Msemaji akageuka kwa mama. "Mama, umeona?"

Kwetu neno la kukubali si refu. Mlezi anasema tu mbuzi wafunguliwe kamba za wageni na kufungwa za wenyeji. Mama hakulisema. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha binti. Watu walingoja. Baba wa kijana, ambaye alikuwa ameangalia jua tangu asubuhi, aliangalia chini. Niliona binti anapandisha mkono wake mwenyewe na kuushika ule wa mama, bila kugeuka.

"Aru, nitakuya," mama akasema.

"Karibu sana, mama."

"Sisemi ya kukaribishwa. Nasema nitakuya."

"Utakuya na nini, mama?" msemaji akauliza, kwa adabu tu.

"Na gari ya mutoto wangu."

Macho yote yakapita lango na kulitazama gari. Kwenye benchi letu mtu akakohoa.

"Mama, samahani," polisi akasema. "Na hizi makaratasi, barieri ya kwanza tu, wanaibakisha."

Mama akamwitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea ushauri wa mtaalamu. Kisha akanitazama, si kwa hasira. Ni ule mtazamo aliokuwa akinipa nilipokuwa mdogo na yeye anashika sabuni.

"Atatengeneza," akasema. "Bafungueni mbuzi."

Wageni walikula wamesimama nusu na kuondoka kwa haraka, wakapita vizuizi vyao kabla havijafungwa. Polisi alikula ameketi. Baadaye tulikwenda ofisini kwao, mimi na yeye, na mkubwa wake, baada ya kusikiliza hadithi yote na kula andazi, alinipunguzia maneno lakini si adhabu. Leseni yangu ilibaki pale mpaka nirudi na karatasi hai. Miwani nilirudishiwa. Hati ya makosa, yenye maneno "mwendo wa kasi kupita kiasi" na jina langu chini yake, ninayo nakala. Mke wangu anasema nimeinunua.

Jumatatu nilipotoka kwenda kutafuta makaratasi mama alikuwa amekaa tayari kwenye pikipiki nyuma ya motari, mwanamke ambaye hapandi pikipiki, goti lake limenyooshwa pembeni kama mkuki. Alisema hanifuati, tunakwenda njia moja. Katika ofisi ya kwanza tuliambiwa tupitie ya pili. Katika ya pili karani alisema turudi kesho. Mama akamwuliza kwa upole kama kesho yeye mwenyewe atakuwepo. Karani akasema ndiyo. Mama akasema basi atamngojea hapahapa, akatoa karanga kwenye mkoba, akaanza kuzichambua juu ya meza yake. Ofisi ile ya vinyeti, iliyokuwa imepotea kwa muda wote niliokuwa naitafuta, ilipatikana kabla karanga hazijaisha. Ilikuwa nyuma ya jengo hilohilo.

Kwenye ukaguzi, gari lilifeli breki, taa, na kitu kingine ambacho fundi aliniambia afadhali nisijue. Lilitengenezwa. Lilifeli tena, kidogo. Binti alipiga simu kila Jumapili kutoka Aru, na mama alimpa habari za breki kama wengine wanavyotoa habari za mgonjwa anayepata nafuu.

Tuliondoka msimu wa kiangazi, wiki ambazo njia ilikuwa tulivu na malori yanapita. Mama alikaa kushoto, mbele, mkoba magotini, na ndani ya mkoba makaratasi yote ya gari kwenye bahasha moja. Hakunipa. Kila kizuizi alikuwa ameshusha kioo kabla sijafunga breki, na bahasha iko nje. Aliwaonyesha polisi, aliwaonyesha wanajeshi, aliwaonyesha watu wa kodi ya mazao, na mahali fulani aliwaonyesha wanawake waliokuwa wamenyoosha kamba barabarani ili tu watuuzie mihogo. Nao waliitazama.

Karibu na mwisho palikuwa na mwanajeshi mmoja peke yake chini ya bati, amechoka. Alitupungia mkono tupite. Nikapita, nikashukuru.

"Simama," mama akasema. "Hajaona."

"Mama, ametupa njia."

"Hajaona. Rudia."

Nikarudisha gari nyuma mpaka pale bati lilipo. Mwanajeshi akasimama, akashika bunduki yake vizuri, akakuta mkono wa mama na bahasha. Hakuwa na la kufanya ila kusoma. Alisoma bima, akasoma ukaguzi, akasoma vinyeti pande zote mbili, wakati nyuma yetu lori likipiga honi.

"Iko yote sawa, mama," akasema.

"Najua."

Mama akazipokea, akazipanga, akafunga mkoba. Mbele yetu, juu ya kilima, mabati ya Aru yalikuwa yameanza kuonekana.

"Sasa kanyaga," akaniambia.